Saini Ambazo Sikushuka Kuzitafuta

Alhamisi, mwisho wa Oktoba. Asubuhi mawingu yalikuja kutoka upande wa Konza, yakatukalia mpaka saa sita, kisha yakaenda zao bila kuacha hata tone. Vumbi liko pale pale. Nimechoka, na si uchovu wa mwili.

Leo nimemnyima mama yangu kitu alichokingoja kwa miaka. Nimefanya hivyo mbele ya watu, yeye akiwa kwenye kiti cha mbele, amejitanda leso yake ya Jumapili.

Ngoja nianzie mbali kidogo, ndio nielewe mwenyewe.

Nyumba yetu iko juu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Ukisimama langoni unaona kanisa ng'ambo, na nyuma ya kanisa ni kwa Nduku, rafiki ya mama tangu wote wawili ni maharusi wageni hapa. Nilipokuwa mdogo barabara ilikuwa nyembamba, gari moja likienda na moja likirudi. Mama alivuka na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa, lililofunikwa kwa sahani, na bakuli hilo halikuwahi kurudi tupu. Alasiri walisuka viondo pamoja. Nduku ndiye aliyejua kuanza kitako, mama ndiye aliyejua kumaliza ukingo. Kiondo kimoja kilivuka barabara mara nyingi kabla hakijaona soko.

Halafu barabara ikapanuliwa, na katikati ukawekwa ukuta wa zege.

Si mrefu. Unafika kiunoni. Lakini mama ana zaidi ya miaka sabini na magoti yake yamekataa kazi. Siku hizi anasali kwenye kanisa jingine upande wetu huu, mahali ambapo hajui nani ni mtoto wa nani. Simu haisaidii kwa sababu Nduku hasikii vizuri. Kwa hiyo wanapungiana mikono. Nduku anasimama kwenye ua wa kanisa, mama langoni petu. Wanainua mikono, lori linapita, wanainua tena kama vile ile ya kwanza haikuhesabiwa.

Ninaziona hizo salamu kutoka dukani kwangu, ninapochapia watu barua na kutoa kopi. Sijawahi kuzizoea. Ninaitamani ile barabara nyembamba kama mtu anavyotamani nyumba iliyobomolewa, na ninajua hairudi.

Mwaka huu tuliambiwa barabara itachorwa upya. Ikaundwa kamati ya wakazi, nami nikafanywa katibu, nadhani kwa sababu niko na printa. Injinia wa barabara akatueleza kwamba ukuta utabaki, ila kutakuwa na kivuko cha kupita chini ya barabara. Hakina ngazi. Kina mteremko mpole ambao hata mwenye mkongojo anaumudu. Akasema ni kimoja tu, tuamue tunakitaka wapi, tuandike barua na kukusanya saini.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikitembea haraka kama msichana. Nilishamwona mama akiingia kwa Nduku bila kupiga hodi.

Barua niliandika mwenyewe: kivuko kiwe mbele ya kanisa. Nikapita nayo nyumba za juu zote, kwa wenye mashamba, kwa wenye maduka, kwa Bwana Hassan mfanyabiashara wa mbuzi ambaye zizi lake liko karibu nasi. Kila mtu alitia saini.

Sikushuka bondeni.

Bondeni ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Huko kuna ploti, vyumba vya kupanga vilivyojipanga mstari kwa mstari, na wanaokaa humo wengi wanafanya kazi viwandani upande wa Athi River. Shule ya watoto wao iko ng'ambo. Nilijiambia kwamba wale ni wapangaji, leo wako hapa, mwezi ujao wamehama. Nilijiambia pia kwamba jua ni kali.

Ukweli ni kwamba nilijua watakachosema, na sikutaka kukisikia.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumkabidhi injinia barua, barazani kwa chifu. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alisoma barua kwa sauti nzuri. Watu wakapiga makofi. Mama alipiga makofi. Kisha mwanamke mmoja akasimama kule nyuma, bado amevaa aproni ya kiwandani. Ninamfahamu kwa sura. Anaitwa Katunge, na mwaka jana binti yake aligongwa akivuka kwenda shule. Nilimchapia fomu za hospitali mimi mwenyewe.

"Mimi naitwa Katunge, nakaa ploti za chini," alisema. "Nataka tu kuuliza hiyo karatasi ilipita wapi. Kwetu haikufika."

Mwenyekiti akamjibu kwamba karatasi ilipita kwa wakazi.

"Na sisi tunakaa wapi?"

Hakupandisha sauti. Alisema binti yake sasa anatembea, lakini mguu mmoja umebaki mfupi, na kila asubuhi bado anauruka ule ukuta kwa sababu hakuna pengine pa kupita. Akakaa. Mwenyekiti akanigeukia, akasema katibu ataeleza.

Nilikuwa na maneno. Ningeweza kusema muda haukutosha, na wangeniamini, maana ninaaminika hapa. Nilimtazama mama. Alikuwa ananitazama kwa fahari, kama alivyonitazama siku niliposoma somo kanisani nikiwa darasa la tano.

"Sikushuka bondeni," nikasema. "Hakuna aliyenikataza. Nilitaka kivuko kiwe karibu na kwetu kwa sababu ya mama yangu. Hiyo barua haijauliza watu wote."

Mwenyekiti alivua miwani. Najua hatanisalimia kwa muda. Injinia, kijana mpole ambaye nilidhani atakasirika, alifunga faili lake na kuuliza shule inafungwa saa ngapi. Akasema twende tuone.

Tukashuka, kama watu kumi hivi. Mama alibaki, magoti hayangeweza.

Nimeishi hapa maisha yangu yote na sikuwahi kusimama pale saa ile. Watoto walikuja kwa makundi, wakakimbia nusu ya kwanza, kisha wakaketi juu ya ukuta wa zege katikati ya barabara, miguu ikining'inia, wakingoja magari ya upande wa pili yapungue. Wengine walikuwa wanakula mabuyu. Malori yalipita karibu nao kiasi kwamba sare zao zilipepea. Hawakuonekana kuogopa. Hilo ndilo lililonimaliza.

Bwana Hassan aliuliza kama mbuzi wanaweza kupita kwenye kivuko kikiwekwa huku. Injinia akasema kikipanuliwa kidogo, ndiyo. Hassan akatafakari, akasema basi atawateremsha, ni mwendo tu. Akaomba kalamu.

Barua ya pili niliiandika kwa mkono, juu ya boneti ya gari la injinia. Kivuko kiwe bondeni. Wenzangu wawili wa kamati walikataa kutia saini na sikuwalaumu. Katunge alitia yake kwa herufi kubwa, taratibu. Hakunishukuru, na sikuona sababu ya yeye kunishukuru. Alisema tu, akiniita kwa jina la mwanangu, "Mama Mwikali, kesho pita jioni, wengi huwa wamerudi kazini. Watatia."

Injinia ameichukua barua. Hajaahidi kitu, lakini amesema ataiwasilisha pamoja na aliyoyaona.

Nilirudi nyumbani polepole. Mama alikuwa barazani petu akichambua mbaazi, habari za barua ya pili zilishamfikia. Nilikaa kwenye gogo karibu naye na kuanza kuchambua pia.

"Ulikuwa unajua kuhusu huyo mtoto?" akauliza.

"Nilikuwa najua, mwaitu," nikamjibu mama yangu.

"Na ukaandika ya kanisani."

"Ndiyo. Nilitaka uvuke."

Akapuliza maganda. Nilidhani atanigombeza kwa kuficha, au kwa kutoficha mpaka mwisho. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Mbithe," akasema, akiniita jina langu la kuzaliwa, "mimi sikukwambia nataka kivuko. Nilikwambia nataka kumwona Nduku."

Akaendelea na mbaazi zake.

Nimeingia ndani kuandika haya na bado sentensi hiyo inanizunguka. Kwa gari, unapanda mpaka pale magari yanapogeukia, unarudi upande wa pili, unafika kwa Nduku. Ni nusu saa hivi. Jirani yetu ana gari na hukodisha. Nimelijua hilo tangu ukuta uwekwe. Kila nilipomwona mama langoni na mkono juu niliumia moyo, nikaikasirikia barabara, nikaandika hata hapa kwenye blogu kuhusu hasira hiyo, na baadhi yenu mlinipa pole. Kisha nikarudi dukani.

Yeye hakuomba kupelekwa. Si mtu wa kuomba.

Nimeshazungumza na jirani. Jumamosi baada ya chai nitamketisha mama kiti cha mbele na kumpeleka. Sitaingia nao ndani, nitawaacha wawili wale. Sijui kama watazungumza sana au watakaa tu. Nduku naye amezeeka, na miaka iliyopita kati yao sina namna ya kuirudisha.

Kesho nitashuka bondeni na karatasi, nyumba kwa nyumba.

Lakini usiku wa leo ninajiuliza hili, na sitaki kulijibu kwa haraka: muda wote ule niliokuwa nikikililia kile ambacho ukuta ulikitenganisha, ni nini kilichonizuia mimi kumshika mama mkono na kumwambia, twende?