Mashine ya Mumeo

Mwanangu,

Huko ugenini kazi inaendeleaje? Mimi mzima, ila meno yamebaki ya kuchekea tu. Mumeo bado anaunda umeme wa bure sebuleni. Mota inazungusha dainamo, dainamo inailisha mota, ati milele. Nikamwambia, "Mkwe, hata mbuzi hashibi maziwa yake mwenyewe." Akajibu, "Baba, huelewi sayansi." Kweli sielewi. Ila betri ya kuiwashia ikiisha, mashine inalala kuliko mimi.

Mwezi uliopita alikata waya wa mita, kuonyesha imani. Sasa friji ni kabati tu, na insulini ya mama yako imeiva humo kwa joto la bati. Juzi mama yako alianguka jikoni. Nimemkokota hadi zahanati, wamempa nyingine, wakasema iwekwe penye baridi. Baridi ipi? Mwenyewe anasema, "Usimvunje moyo mkwe wetu."

Nimechoka, mama. Nikimwambia mimi arudishe waya, ni mzee mchokozi. Wewe atakusikia. Mpigie leo, kabla sijamfunga yeye kwenye hiyo dainamo azunguke.

Babako, mbishi wako.