Kasa Niliyempakata

Embu, Agosti 1955

Dada Sharifa wa huko Meru,

Ndugu yako ana bahati kuliko machifu wote! Nimefika baharini, wallahi. Kuna bwawa la wanyama wa majini, watu wanaruhusiwa kuwashika. Pomboo alinipa pezi tukasalimiana kama wazee wa baraza. Kisha nikampakata kasa, yule kobe wa baharini. Mpiga picha akasema, "Cheka bwana Kasim, hata kasa anacheka!" Picha ndiyo hiyo.

Mama kikohozi kimempungua, anauliza kama watoto wanakula. Bucha nafungua, nafunga, nasimama mlangoni, narudi ndani. Kukaa siwezi.

Najua unangoja nini. Ulinituma nipite ile kambi ya kizuizini ya pwani nimwone mumeo Sulemani, nikuletee neno lake. Picha nilipiga ili uniamini nikikwambia nimemwona na ni mzima. Lakini nikifika kwenye jina lake, mkono unakataa kuandika.

Basi itazame tena, dada. Kasa ana mapezi. Huyo ana miguu, nimeifunika kwa mkono wa kanzu. Ni kobe wa nchi kavu wa huku Mbeere, mteja wangu Njiru alimwokota kwenye shamba lake la mtama, na bahari ni shuka ya mpiga picha iliyochorwa rangi hapa mjini. Mimi askari walinirudisha nilipofika Sagana, sina pasi ya kusafiria.

Bahari sijaiona. Sulemani sijamwona. Kama yu hai, sijui.

Nduguyo,
Kasim