Isukuti kwa gari la Ambani

Aminah, wacha kila kitu usome.

Si unajua vile milango ya gari la Ambani ilikuwanga inapiga kelele kushinda spika zenyewe? Leo ameifungua, akajaza sponji ya godoro kuukuu, akafunga. Besi ikatoka safi, akajisikia kama yeye ndiye alitengeneza gari.

Akakimbia nalo hadi Malinya kumsikilizisha mjomba. Akaegesha uani, akaweka isukuti, akaongeza sauti.

Isukuti, Aminah. Kwa boma la fahali wa kupigana. Ngoma zenyewe za kumpeleka uwanjani.

Fahali akajua siku imefika. Akakata kamba, akaja mbio, akabonyeza mlango wote.

Mjomba akakagua pembe kwanza. Halafu akaweka sikio pale palipobonyea: "Na bado haupigi kelele. Sponji ilisaidia."