Nembo za Bibi Mwanamize

Jumatatu, 1 Machi 2004

Wapambanaji wenzangu! Akidi imetimia: mimi, kalamu, na daftari hili lisilojua kupinga hoja. Ajenda ni moja: mkono wa kushoto wa Bibi Mwanamize, mama yake mama. Alizaliwa karibu na Mikindani kwa mama Mmakonde, akachanjwa nembo akiwa kigori. Chale kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko, makaa yamesuguliwa ndani. Hapa Maskati, kwa miaka thelathini, nembo hizo zina jina rasmi: mafuta ya maandazi. Bibi aliungua, khalas, basi! Mama huisimulia ajali hiyo kwa ufasaha wa msemaji wa serikali.

Uongo huu utaanguka. Maonyesho ya chuo ni wiki ijayo. Nitachora kila mstari.

Jumatano, 3 Machi

Michoro kumi na miwili! Bibi kitini, mkono juu ya mto, mimi mkabala naye. Nilimweleza kwamba ngozi yake ni kumbukumbu ya umma. Akauliza kama kumbukumbu ya umma inaweza kupata chai.

Jumamosi, 6 Machi

Safwan, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sanaa — kanzu iliyonyooka, msimamo uliopinda — amesema kuchanja ni haramu. Nikamjibu kwamba siwaiti watu kwenye wembe, nawaita kwenye penseli. Akatafakari. Uamuzi: michoro itundikwe, ila kichwa kiwe "Nakshi za Hina". Hina! Mafuta ya maandazi kwa waliosoma. Nimekataa kwa hotuba ya dakika ishirini. Wasikilizaji: Safwan na fundi wa kiyoyozi. Fundi alipiga makofi. Safwan akasalimu amri.

Jumatatu, 8 Machi

Pigo. Familia inayomposa dada yangu Noof inakuja Alhamisi, siku moja baada ya ufunguzi. Watu wa nasaba. Mababu zao wamewahifadhi kwa mpangilio kuliko maktaba yetu ya chuo. Mama hakupandisha sauti. Alisema tu, "Ukiitundika, dadako haolewi."

Noof anampenda yule kijana, kweli anampenda. Na bado alinipigia pasi abaya ya kuvaa kwenye ufunguzi. Silaha kali kuliko hotuba zangu zote.

Jumanne, 9 Machi

Nimempelekea Bibi michoro, aamue yeye. Nilitarajia machozi. Akaugeuza wa kwanza juu chini, kisha wa pili, kisha yote.

"Umezichora kichwa chini, mwanangu."

Nikajitetea kwamba ndivyo nilivyoziona. Akauweka mkono mapajani, akaniita nikae ubavuni pake. Kutoka pale mistari ikasimama, ncha juu, kama vilima.

"Aliyenichanja alikaa hapo ulipokaa. Alitaka nizisome mie, si wageni."

Wiki nzima nawalaani wanaomficha Bibi — na mimi nimemchora kutoka kiti cha wageni. Nilipouliza kama nitundike, alikuwa ameshaomba chai.

Jumatano, 10 Machi

Nimeiondoa michoro. Ukuta wangu Safwan ameupa picha ya ngamia. Mama amenipikia biriani. Sijawahi kula ushindi wa adui wenye ladha namna ile.

Alhamisi, 11 Machi

Naandika nimesimama jikoni, mlango wa sebuleni uko wazi, nimetumwa halwa. Wageni wako sebuleni. Mama alikuwa amemtaka Bibi apumzike chumbani. Bibi amepumzika hadi ilipoletwa kahawa, kisha akaingia, mikono ya gauni imekunjwa hadi viwikoni, akatwaa dele la kahawa na kumimina mwenyewe. Dele hushikwa kwa mkono wa kushoto. Hakuna asiyeona.

Bi Nadra, mama wa kijana, akauliza mkono umepatwa na nini. Mama akaanza: mafuta ya —

Bibi akamkatiza kwa Kiarabu chake cha soko la Matrah. Hapana mafuta. Alichanjwa, kwa mama yake wasichana ndivyo walivyofanywa.

Kikombe cha Bi Nadra kimesimama mkononi: hajakitikisa kusema basi, hajakinyoosha aongezwe. Noof anakitazama kikombe kile kana kwamba ndiye kadhi. Bibi bado yuko mbele yake na dele, anangoja. Halafu, bila kugeuka, akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika sebule nzima:

"Jumamosi, saa kumi alasiri, uje na kalamu zako. Na ukae upande wangu."