Spika yangu yenye mishikio ya jeneza

Phionah, leo nimeaibika sokoni Bwera, we acha tu!

Ile spika yangu ya kubeba, betri nilichagua ya pikipiki. Boksi nikampa fundi wa majeneza alitengeneze, mbao zake ni kavu. Akaiwekea mishikio ileile ya majeneza! Nikasema sawa, itabebeka.

Sasa napita nayo sokoni kwa boda, nimeifunika kitenge isiingie vumbi. Watu wakasimama. Wazee wakavua kofia. Yudesi muuza nyanya akaanza kulia: "Mutoto wa nani huyo?"

Wakavua kofia, Phionah! Kwa spika!

Nikaiwasha palepale. Muziki ukalia, Yudesi akatoka mbio.

Eti mama yangu anataka ning'oe mishikio. Sing'oi! Jumamosi umeme ukikatika kwa harusi ya Docus, jeneza hilihili ndilo litawachezesha.