Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Mwaji

Kijiji cha Ujamaa Ringwani,
S.L.P. 31,
Mugumu, Serengeti.
16 Mei, 1977

Mpendwa Dada Agustina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Morogoro, wewe pamoja na shemeji Kornelio, na kwamba lile jino lililokuwa linakunyima usingizi umekwisha kuling'oa. Sisi huku kwa afya ya mwili hatujambo. Mvua zinanyesha vizuri, na mahindi ya shamba la kijiji yameanza kubeba.

Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Kitabu chako kilifika mwishoni mwa mwezi wa pili, pamoja na barua ya kuniomba nikueleze watoto wa chekechea wamekionaje, ili walimu wako wa chuo wajue kabla hakijapigwa chapa nakala nyingi. Nimeanza kukuandikia mara tatu nikaacha. Baba alikupelekea mistari miwili tu kwamba mdogo wetu mchanga amefariki. Mengine hakuyaandika, maana ninayeyajua vizuri ni mimi.

Kwanza nikujibu ulichouliza. Watoto walikipenda sana. Tunakaa kwenye ghala la zamani la pamba, wao kwenye magunia na mimi kwenye debe, tangu mama zao waende shamba la kijiji asubuhi mpaka warudi. Wananiita mwalimu, ingawa darasa la saba nimelimaliza juzijuzi tu. Pale ulipochora kitanda cha mtoto chenye fito pande zote, Tomaso, mtoto wa balozi wa nyumba kumi, alisema, "Mwalimu, hilo ni zizi la ndama." Mwenzake akamjibu, "Ndama gani anavaa kofia?" Siku hiyo hatukufika ukurasa wa pili.

Ukurasa wa nne ndio waliupenda kuliko yote. Ule ambapo Mwaji, mtoto wa kitabu chako, amekosa nafasi kwenye mapaja ya mama yake kwa sababu ya mdogo wake, akasimama mikono kiunoni na mdomo ameuvuta mbele. Nikifika hapo nilinyamaza kwa makusudi, nao wote wakapaza sauti kwa maneno ya Mwaji: "Mrudishe alikotoka!" Waliokuwa nje kisimani walikuwa wanasikia. Aliyepaza kuliko wote ni mdogo wetu Robi.

Unakumbuka babu alivyompenda Robi. Alikula naye sahani moja, na akitoka kuchunga alimwita yeye kabla ya kumwita bibi. Babu alipofariki mwishoni mwa mwaka juzi, Robi alikuwa bado mdogo, lakini hakumsahau.

Mama alipomzaa huyu mtoto mwezi wa pili, alilia siku mbili akikataa ziwa. Bibi Mokami akakaa naye, akamtajia majina ya wazee wetu moja moja, na alipotaja la babu, Magige, mtoto akanyamaza akashika ziwa. Unajua mwenyewe inavyokuwa kwetu. Tangu saa ile ilikuwa ni babu amerudi. Bibi alimpakata akamwita "mume wangu," akamwuliza, "Mura, kijana wangu, mbona umekawia? Umeniletea nini huko ulikokuwa?" Wanawake walicheka.

Robi peke yake hakucheka. Alisema, "Babu alikuwa na meno."

"Yameng'oka njiani," bibi akamjibu.

"Kama ni babu, mbona hanijui?"

Tulidhani ni maneno ya kitoto.

Siku moja mwezi wa tatu mama alikuwa uani anamwogesha mtoto, na majirani wawili wamekuja kumsalimu. Robi alitaka kukaa kwenye mapaja ya mama. Mama akamwambia asubiri. Basi akasimama, akaweka mikono kiunoni, akavuta mdomo, akasema vilevile kama Mwaji, "Mrudishe alikotoka!" Wote walicheka mpaka sabuni ikamponyoka mama. Mimi nilifurahi kuliko wote, dada, maana niliona kazi yangu ya ualimu imeanza kuzaa. Nikamwambia, "Hebu rudia." Akarudia. Baada ya hapo akawa anayasema kila siku, na mgeni akija mimi ndiye niliyekuwa namwambia ayaseme.

Mara baada ya Pasaka mtoto akashikwa na kifua. Baba na mama walimpeleka zahanati, akachomwa sindano, wakarudi naye anapumua vizuri kidogo. Siku ya tatu asubuhi, wenzetu wamekwisha kwenda shambani, alifia mikononi mwa mama.

Watu walipokuwa wamekaa msibani, bibi alikuwa chini mlangoni. Hakuwa analia. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Magige alikuja kwetu. Akasikia mjukuu aliyempenda anamwambia arudi alikotoka. Angekaaje?"

Mama akageuka akamtazama Robi, na Robi alikuwa amesimama pale na kikombe cha uji mkononi, akisikia yote.

Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji, hatua nne kutoka kwa bibi. Nilitakiwa kusema, "Bibi, maneno hayo si ya Robi. Ni ya kitabu, na aliyemfundisha ni mimi." Unanijua nilivyo. Hata darasani nilipojua jibu nilisubiri mwingine alitaje. Nikatua ndoo, nikatoka nje.

Tangu siku hiyo mama hakumgusa Robi tena. Hakumpiga wala kumtukana. Akimpa chakula alikiweka chini, akageukia kwingine. Robi naye akaacha kucheza. Akawa anapotea chekechea nikiwa napikia watoto uji, na mimi nikifikiri amekwenda nyumbani.

Siku moja nilimfuata. Nyumba zetu sasa zimepangwa mistari, kama ulivyoziona ulipokuja likizo baada ya watu kuhamishiwa hapa. Nilimkuta kwenye mstari wa tatu, anakwenda mlango hadi mlango. Penye mwanamke mtu mzima aliyebeba mtoto, alizunguka nyuma yake akachungulia mgongoni. Alipofika kwa Bi Mwantumu, mke wa fundi cherehani, yule mama alilegeza kanga akamwonyesha. "Huyu ni mjukuu wangu mimi, mama. Tazama, ni msichana." Robi akatazama, akasema asante, akaenda nyumba ya pili.

Nilimshika mkono. "Unatafuta nini?"

"Bibi wa Mwaji."

"Bibi wa Mwaji yuko kwenye kitabu, Robi."

"Basi huyu wetu amebebwa na bibi gani?"

Ndipo nikaelewa. Katika kitabu chako, Mwaji akishasema yale maneno, anakuta kitanda kitupu, analia sana, na kwenye ukurasa wa mwisho mtoto anaonekana mgongoni kwa bibi yake, wote wanacheka. Robi alikuwa amelia. Kitanda kilikuwa kitupu. Aliona kilichobaki ni ukurasa wa mwisho. Na sisi wenyewe tulikuwa tumemwambia kwamba babu alikufa akarudi, sasa kwa nini asirudi mara ya pili?

Nilimweleza kwamba mtoto amezikwa, na kwamba alimwona baba akichimba. Akasema, "Hata babu alizikwa."

Wiki hiyohiyo nilimsikia mama akimwambia baba kwamba Robi apelekwe Genkuru kwa shangazi Esta akakae huko. Alisema, "Nikimwona nayasikia yale maneno." Baba hakubisha. Nikaona kwamba nikiendelea kunyamaza, Robi ataondoka na mzigo wangu.

Jumamosi ya tarehe saba wanawake wa ukoo walikusanyika kwetu kumaliza matanga. Nilichukua kitabu nikaingia nacho kifuani kama ngao. Nilianza kusema, na bibi akanikatiza. "Sema kwa nguvu, wewe. Unazungumza na mafiga?" Nikarudia kwa nguvu. Nikasema yote, na kwamba kila mgeni alipokuja mimi ndiye niliyemwambia Robi ayaseme. Kisha nikakaa bila kuambiwa.

Bibi aliomba kitabu. Alikifungua kichwa chini miguu juu, nikamgeuzia. Alitazama ukurasa wa mwisho muda mrefu.

"Huyu mtoto alikuwa amekwenda wapi?"

"Hakwenda mahali, bibi. Alikuwa mgongoni tu."

"Na wewe ulijua siku zote hizi?"

"Ndiyo, bibi."

"Wiki tatu na zaidi," alisema. Halafu akasema jambo ambalo naliandika kwa sababu nimeamua nisikufiche kitu. Alisema, "Aliyechora hiki hajazika mtoto." Hakulisema kwa ubaya, dada. Alilisema kama mtu anayekuonea huruma.

Akamwita Robi, akamweka katikati ya miguu yake. "Ni kifua, mama yangu. Kifua ndicho kilichomchukua. Wewe hukumfukuza mtu. Mimi nilisema vibaya kwa uchungu." Robi akaitikia kwa kichwa, vile watoto wanavyoitikia wakiambiwa wanawe mikono. Nilimtazama mama. Aliinuka akaenda kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa visafi.

Jioni alinijia jikoni. "Nimekusikia, Efrazia. Umefanya vizuri kusema. Lakini aende kwanza. Masikio yamesikia, moyo bado." Nilitaka kumwomba, sikujua maneno ya kumwomba mtu aliyefiwa.

Sasa kuhusu kitabu chako. Usikichome, nakusihi. Tomaso alikiri mbele ya wote kwamba aliwahi kumng'ata mdogo wake sikio kwa wivu, na baada ya kukisoma alikuja siku mbili na huyo mdogo wake mgongoni, miguu inaburuta. Watoto wanahitaji kuona kwamba si wao peke yao wanaokasirika mama akipata mwingine. Hata mimi nilikasirika Robi alipozaliwa, na nilikuwa na miaka kumi. Sikumwambia mtu.

Ila nafikiri hivi, kama utaniruhusu. Mahali fulani katika kitabu, mtoto anayesoma angeambiwa kwamba maneno yake hayawezi kumtoa mtu duniani. Huenda huko mjini hakuna haja ya kuambiwa. Huku kwetu watoto wachanga wengi hawarudi kama huyo wa kitabu, na kila nyumba ina Mwaji wake ambaye amewahi kusema neno. Sijui ungeliandikaje. Nimejaribu kuliandika mwenyewe nyuma ya daftari nikashindwa, kwa sababu kila nikifika kitanda kitupu sijui mama yake anafanya nini.

Robi aliondoka juzi na baba kwa lori la ushirika linalokwenda Tarime, na kutoka pale walikuwa waende Genkuru. Nilimfungia gauni lake la pili na viazi vya kuchemsha. Mama alisimama mlangoni, akamwambia awe na adabu kwa shangazi. Nilikuwa nimejiandaa kwamba atalia na kunishika, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumbembeleza. Hakulia. Alipanda upesi kuliko baba. Nikamwuliza kama haogopi kwenda mbali na sisi.

Akaniambia hapana, kwa sababu Ringwani amemaliza nyumba zote, na Genkuru kuna bibi wengi ambao bado hajawatazama.

Ndivyo watoto walivyokiona kitabu chako, dada yangu. Nimekuandikia kama ilivyokuwa. Ukiweza, mwandikie mama barua, yeye peke yake, kwa herufi kubwa. Tangu amalize kisomo cha watu wazima anasoma polepole lakini anasoma, na akisoma mwenyewe hakuna wa kumwona anavyolia.

Bibi Mokami anakusalimu, anasema likizo ijayo usipite Musoma bila kufika kwake. Baba atakusalimu akirudi. Msalimie sana shemeji Kornelio, na wale wenzako wa chuo wanaokusaidia kuchora, uwaambie kofia ya mtoto imewafurahisha watoto wa Ringwani. Mungu akulinde katika kazi yako, akupe watoto, na akuachie wote.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda na kukukumbuka,

Efrazia