Kiapo cha Kampuni

Mke wangu mpendwa, Marta Kananu,

Uniwie radhi kwa kukuandikia kwa Kiswahili cha misheni, ambacho ulizoea kukicheka ukisema kimevaa tai. Ningependa kutumia Kimeru chetu, lakini siku hizi karatasi ya Kimeru ikikutwa nyumbani mwa mtu huleta maswali mengi kuliko anayoweza kuyajibu. Uniwie radhi pia kwa kimya changu tangu tulipokuzika. Nilikuwa nikitafuta habari njema ya kukupa, nami sikuipata.

Je, wakumbuka mashine yetu ya kusaga mahindi ilivyofika Kanyakine? Iliteremshwa kwenye lori la Bwana Salim, yule msafirishaji wa mjini Meru, imefungwa kamba kama fahali. Wanawake walisimama mbali wakiogopa ngurumo yake. Wewe ulibeba debe lako, ukamimina mahindi, ukanigeukia mbele ya watu wote: "Baba Karimi, hii mashine inakohoa kukushinda. Ipe dawa ya kifua!" Watu wakacheka, woga ukaisha, foleni ikaanza. Tangu hapo niliiona biashara ile kuwa yetu sote wawili, ingawa leseni ilikuwa na jina langu tu.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ikipigana na watu wa msituni. Tuliibomoa nyumba yetu kwa mikono yetu wenyewe, tukahamia katika kijiji hiki cha kulazimishwa, chenye handaki lililojaa miti iliyochongwa na lango moja la kutokea. Mashine tukaileta humu. Jirani yetu mwenye duka alipopelekwa kizuizini, duka lake lilifungwa na mali ikabebwa. Nikawa siwezi kuitazama mashine bila kuona kufuli juu yake.

Ni Bwana Salim aliyenipa wazo, akiteremsha dizeli. "Mzee, fanya kampuni. Limitedi. Kampuni ni mtu mbele ya sheria. Mali yake ni yake, deni lake ni lake. Wewe ukibebwa leo, yeye habebwi."

Nilikuletea maneno hayo ukiwa unachambua maharagwe.

"Mtu wa namna gani?" ukauliza.

"Mtu wa sheria."

"Ana kipande cha kitambulisho?"

"Hana."

"Pale langoni hupekuliwa?"

"Hapekuliwi."

Ukaweka ungo chini. "Basi, Baba Karimi, katika kijiji hiki kizima atakuwa huru peke yake. Tumzae upesi!"

Ulicheka mpaka ukafuta machozi kwa leso. Sijasikia kicheko kama kile tena humu ndani.

Sheria ilitaka watu wawili, basi tukawa mimi na wewe. Wakili wa Meru alituma habari kwamba karatasi ziko tayari. Yaliyobaki ni sisi kufika, kutia sahihi, na kuapa mbele yake kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli. Tukaenda langoni kuomba pasi. Mbaabu, mkubwa wa homgadi wanaotulinda kwa niaba ya serikali, alikuwa akinywa chai.

"Mnaenda wapi?"

Nilivua kofia, nikawa bado natafuta maneno yanayofaa. Wewe ulikuwa umejaa furaha. "Tunaenda Meru kula kiapo!"

Hukukosea, Marta. Ndilo neno alilotumia wakili. Lakini ni neno lile lile la wapiganaji wa msituni, ambalo kwa ajili yake vijana wetu walikuwa wakisombwa kwa malori. Mbaabu akaweka kikombe chini.

"Mama, rudia."

"Ni kiapo cha kampuni, bwana," nikaingilia.

"Hata kile cha msituni wanasema ni cha chama. Nyinyi mko wangapi?"

"Wawili tu."

"Huanza na wawili."

Tulifungiwa katika kibanda cha askari, tukaachiliwa kesho yake kwa amri ya kutovuka lango tena. Tukirudi nyumbani uliniambia, "Hata maneno wameyachimbia handaki." Mvua zikaja, kifua kikakubana. Pasi yako ya kwenda hospitali ilipotoka, hukuwa tena na haja nayo.

Sasa nisikilize, tafadhali, nawe usikasirike kabla sijamaliza. Juma hili Mbaabu alikuja kwenye mashine, akangoja wanawake wapungue.

"Mzee, wakubwa wanauliza kwa nini mtu aliyezuiliwa kuvuka lango bado ana leseni. Nimewajibu kwamba unaunda kampuni, jambo halali kabisa. Pasi yako hii hapa. Lakini ina majina mawili, lako na langu."

Nikaitazama pasi, kisha nikamtazama yeye.

"Usiniangalie hivyo, Mzee. Hii Hali ya Hatari itaisha siku moja, na siku hiyo nitakuwa adui wa kila mtu hapa. Hata mimi natafuta pa kujificha. Niingize ndani ya hiyo kampuni, huyo mtu wenu wa sheria."

Nimemtafuta mwingine wa kukaa mahali pako. Wenzangu wa rika wako nyuma ya seng'enge au wamekufa. Binti yetu Karimi yuko kwa mumewe Ishiara, na hawampi pasi ya kuvuka wilaya. Nikikataa, mashine itafungwa, na wanawake hawa watarudi kusaga kwa mawe baada ya kutwa nzima ya kazi ya lazima. Nikikubali, jina la aliyekurudisha langoni litakaa karibu na langu. Nimeligeuza jambo hili kila upande, nami sioni upande wenye mlango.

Lori la Bwana Salim litaondoka kesho asubuhi, nasi tutakuwa ndani yake, Mbaabu na mimi. Wakili alinisomea zamani maneno ya karatasi ile. Yanasema: sisi, ambao majina yetu yameandikwa hapa chini, tunataka kuungana tuwe kampuni. Najua nitatia sahihi. Kisha nitainua mkono na kuapa kwamba ni kweli kuwa nataka kuungana na mtu huyu.

Nilitaka kuungana nawe, Marta. Tafadhali lishike hilo kuwa ndicho kiapo changu, na hicho kingine unisamehe.

Nakuaga kwa heshima na upendo uleule,

Mumeo,
Baba Karimi